Nyumbani Kwetu: Kusikiliza Televisheni Bila Kuwaamsha Wengine

Ndugu msomaji, juma lililopita tulizungumza juu ya kuhifadhi unga na maharagwe ili yasishambuliwe na wadudu. Nilikuwa nimekusudia juma hili tuendelee na mambo ya jikoni, lakini imefika barua moja mezani kwangu ambayo sikuona vema kuiweka kando. Imeandikwa na mama mmoja, mke wa askari polisi, anayeishi katika kambi iliyo mbali na mji mkuu. Anasema kwamba mume wake hulinda usiku na kulala mchana. Kwamba mtoto wao wa kwanza yuko darasa la saba na hana mahali pengine pa kusomea. Kwamba wadogo zake wakitoka shule hawataki jambo jingine ila vikatuni vya televisheni. Na kwamba yeye mwenyewe hupenda kutazama taarifa ya habari na mchezo wa kuigiza baada ya chakula cha usiku. Nyumba yao ni ya chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Anamaliza barua yake kwa swali hili: "Pazia linazuia macho, masikio yazuiwe na nini?"

Swali hilo si la mama huyo peke yake. Yeyote aliyepata kuishi kambini, iwe Bombo, Gulu, Mbarara au katika laini za polisi za Kampala, anajua jinsi sauti ya nyumba moja inavyokuwa sauti ya nyumba tatu. Wako wasomaji wetu waliolelewa katika zile nyumba za bati za mviringo, na wako walioanza maisha ya ndoa katika vibanda vile ambavyo askari wenyewe waliviita "mama ingia pole", kwa sababu mlango wake ulimlazimu mtu kuinama. Bati halifichi neno. Mtu akikohoa kwake, jirani humpa pole.

Zamani jambo hili halikuwa na taabu kubwa, maana redio ilikuwa moja na watu waliisikiliza pamoja. Siku hizi televisheni imeingia katika nyumba nyingi, tena nyingine ni zile za kisasa zinazounganishwa na intaneti, ambazo watu huziita smati, nazo zina vipindi saa zote za mchana na usiku. Kila mtu ana kipindi chake na saa yake. Kwa hiyo leo nitaeleza namna ya kuunganisha visikizi visivyo na waya na televisheni ya aina hiyo, ili mmoja asikilize na wengine wapumzike. Kisha nitaeleza jambo ambalo mimi mwenyewe nilijifunza kwa hofu kubwa, nalo naomba lisirukwe.

USINGIZI WA ASKARI NI KAZI YA TAIFA

Mume wangu ni koplo, na kwa muda mrefu alikuwa katika zamu ya usiku. Hurudi saa moja asubuhi, hunywa chai, akalala. Tuna vyumba viwili vidogo, na kati yake pamewekwa pazia badala ya mlango. Siku za Jumamosi, mimi nikiwa sina kazi ofisini na watoto wakiwa hawaendi shule, televisheni ilikuwa ikianza kusema kabla hajafumba macho. Ningeipunguza sauti, watoto wangeiongeza. Ningewafukuza nje, mvua ingewarudisha. Baba watoto hakuwa akigomba, lakini niliona macho yake yalivyokuwa mekundu alipofunga viatu jioni.

Askari asiyelala ni hatari kwake na kwa wenzake, maana ameshika silaha. Kwa hiyo tusidhani kwamba habari ya kelele za televisheni ni ubishi mdogo wa mke na mume. Vivyo hivyo kwa mtoto anayejiandaa kwa mtihani wa darasa la saba: nilipokuwa katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mtoto hawezi kushika maneno ya kitabu huku masikio yake yakifuata maneno mengine. Ndiyo sababu tulitenga fedha kidogo kidogo, tukanunua visikizi.

VISIKIZI HIVI HUFANYAJE KAZI

Visikizi visivyo na waya, ambavyo vijana huviita iyabadi, ni vipande viwili vidogo vinavyokaa ndani ya masikio, kimoja kulia na kimoja kushoto. Visipotumika huwekwa katika kikasha chao, na kikasha hicho ndicho kinachovitia umeme. Vingi huweza kufanya kazi kwa muda wa saa nne hadi saa nane kabla ya kurudishwa kikashani.

Sauti huvifikia kwa mawimbi ya redio. Msomaji aliye katika kikosi cha mawasiliano atalielewa jambo hili upesi: televisheni ndiyo inayorusha, visikizi ndivyo vinavyopokea, ila nguvu yake ni ndogo sana, na umbali wake kwa kawaida ni kama meta 10. Njia hii ya mawasiliano huitwa Bluetooth. Ilianza kubuniwa mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson ya Uswidi, na mwaka 1998 kampuni hiyo, pamoja na IBM, Intel, Nokia na Toshiba, iliunda chama cha kuisimamia. Jina lenyewe ni la Harald Bluetooth, mfalme wa Denmark katika karne ya 10, ambaye anakumbukwa kwa kuwaunganisha watu wa nchi yake. Wahandisi waliona jina hilo lafaa kwa chombo kinachounganisha vyombo.

Mawimbi hayo yako katika masafa ya gigahezi 2.4, ambayo hutumiwa pia na mitambo mingi ya Wi-Fi na majiko ya maikrowevu. Aidha, hudhoofishwa na kuta nene, na hata na mwili wa binadamu, kwa kuwa mwili una maji mengi. Basi ukisikia sauti inakatika pindi mtu anaposimama kati yako na televisheni, usiseme umeuziwa kitu kibovu, mwombe asogee.

KABLA HUJATOA FEDHA

Usinunue visikizi kabla ya kuichunguza televisheni yako. Si kila televisheni inayoitwa smati ina Bluetooth, na ziko nyingine ambazo Bluetooth yake ni ya kuendeshea rimoti tu, haitoi sauti. Njia ya kujua ni hii: chukua rimoti, fungua mipangilio, yaani palipoandikwa Settings au penye alama ya gurudumu lenye meno, kisha ingia kwenye sehemu ya sauti, Sound. Tafuta mahali panapoonyesha njia ambazo sauti hutokea. Ukiona neno Bluetooth hapo, televisheni yako inafaa.

Usipoliona, usikate tamaa wala usiharakie kununua televisheni nyingine. Kiko chombo kidogo cha kurushia sauti ambacho huchomekwa katika tundu la visikizi nyuma ya televisheni, au katika tundu la sauti ya mwanga, optical, na umeme wake hupatikana katika tundu la USB. Chombo hicho ndicho kitakachozungumza na visikizi badala ya televisheni. Na kwa yule ambaye hata hicho ni ghali, visikizi vya waya vya kawaida pamoja na waya mrefu wa kuunganishia vitafanya kazi ileile, mradi televisheni ina tundu lake. Waya upitishwe kandokando ya ukuta, usije ukamwangusha mzee au mtoto.

Unapokwenda dukani, omba visikizi vijaribiwe kwa simu yako mbele ya muuzaji. Mimi seti ya kwanza niliinunua kwa mchuuzi wa barabarani kwa sababu ya bei. Sikio la kushoto lilinyamaza kabla ya juma la pili, na mchuuzi naye sikumwona tena.

NAMNA YA KUUNGANISHA

Kwanza, hakikisha kikasha kimejaa umeme. Pili, zima Bluetooth ya simu ambayo visikizi vilizoea kuungana nayo. Wengi hushindwa hapa: visikizi huikimbilia simu vinayoifahamu, na televisheni hutafuta isivione.

Tatu, viweke visikizi katika hali ya kutafutwa. Kwa vingi, unafungua mfuniko wa kikasha visikizi vikiwa ndani, unabonyeza kitufe cha kikasha bila kukiachia kwa sekunde kadhaa, mpaka taa ndogo ianze kumetameta. Vingine havina kitufe, bali huguswa vyenyewe. Karatasi ya maelezo iliyo ndani ya boksi itakuonyesha, kwa hiyo usiitupe.

Nne, nenda kwenye televisheni. Katika Samsung, fungua Settings, kisha Sound, kisha Sound Output, halafu Bluetooth Speaker List. Katika LG, fungua Settings, kisha Sound, kisha Sound Out, ukachague Bluetooth. Katika televisheni zinazotumia Google TV au Android TV, ambazo hutengenezwa na kampuni nyingi, tafuta ndani ya mipangilio sehemu ya rimoti na vifaa vya ziada, Remotes & Accessories, ukaamuru kuunganisha kifaa kipya. Maneno hubadilika kidogo kulingana na umri wa televisheni, lakini safari ni ileile: mipangilio, sauti au vifaa, kisha Bluetooth.

Tano, ngoja jina la visikizi vyako lionekane kwenye kioo, ulichague, na ukubali. Kambini mambo ni mengi hewani, na huenda ukaona majina ya vyombo vya majirani. Chagua chako tu. Ukisikia mlio mdogo masikioni, kazi imekwisha. Siku nyingine visikizi na televisheni vitakumbukana, wala hutalazimika kurudia yote.

KASORO ZINAZOTOKEA MARA KWA MARA

Midomo na sauti kutofuatana. Sauti inayopita hewani huchelewa kidogo, wakati mwingine kiasi cha sehemu moja au mbili za kumi za sekunde, na mtazamaji huona mdomo umefunga neno ndipo alisikie. Katika mipangilio ya sauti ya televisheni nyingi mna mahali pa kusawazisha jambo hilo. Ongeza au punguza kidogo kidogo, huku ukimtazama msomaji wa habari, mpaka vilingane.

Televisheni kunyamaza kabisa. Katika televisheni nyingi, sauti ikienda kwenye visikizi spika zake hufungwa. Basi mama akimaliza mchezo wake na kurudisha visikizi kikashani, lakini sauti isirudi, asidhani ameharibu kitu. Arudi palepale kwenye njia za sauti, achague spika za televisheni, TV Speaker.

Watu wawili kutaka kusikiliza pamoja. Televisheni nyingi hupeleka sauti kwa jozi moja tu. Baba na mama waweza kugawana, kila mmoja sikio moja, ingawa sharti wakae karibu, jambo ambalo si baya. Hata hivyo, visikizi vipanguswe kwa kitambaa kikavu na safi kabla ya kupeana, na mwenye sikio linalotoa usaha asimpe mwingine vyake. Watoto wadogo wasiachiwe kamwe, kwa sababu vipande hivi huingia kinywani kwa urahisi na vyaweza kumkaba mtoto.

MASIKIO YALIYOKWISHA KUSIKIA BUNDUKI

Sasa nawageukia wanaume na wanawake waliovaa magwanda. Katika nyumba nyingi za askari, anayeongeza sauti ya televisheni si mtoto, ni baba. Tena si kwa ukaidi. Mlio wa bunduki huzidi desibeli 140, na mtu aliyefyatua risasi kwa miaka mingi bila kuziba masikio mara nyingi amepoteza sehemu ya kusikia kwake bila kujua. Ndani ya sikio mna chembechembe zenye vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti. Zikifa hazioti tena. Mke husema, "Televisheni inapiga kelele," naye mume husema, "Mbona mimi naisikia kwa shida?" Wote wawili husema kweli.

Kwa askari wa namna hiyo visikizi ni msaada, maana huweka sauti karibu naye bila kuwasumbua wengine. Lakini papo hapo ni hatari, kwa kuwa atataka kuongeza sauti mpaka mwisho, na hakuna jirani wa kulalamika. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa muda wa saa 40 kwa juma. Sauti ikifika desibeli 90, muda huo hupungua kuwa saa 4 kwa juma. Ikifika 100, ni dakika 20 tu. Kwa watoto kiwango ni cha chini zaidi, desibeli 75 kwa saa 40.

Wengi wetu hatuna chombo cha kupimia. Basi tutumie kipimo cha nyumbani: sauti isizidi asilimia 60 ya mwisho wake, na mtu aliye umbali wa mkono akisema nawe kwa sauti ya kawaida, umsikie. Tena yeyote ambaye masikio yake hulia kama nyenje hata penye kimya, au anayelazimika kuwaomba watu warudie maneno, aende kwa mganga wa kambi akapimwe. Si aibu. Mwenzake akiumia mguu hakimbii hospitali kwa siri.

USIKU AMBAO SIKUSIKIA

Nilisema nina jambo nililojifunza kwa hofu. Ilikuwa mwezi wa tano mwaka jana. Mume wangu alikuwa lindoni. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kututembelea, na alilala chumba cha ndani pamoja na watoto. Mtoto wetu mdogo, mwenye umri wa miaka miwili, alikuwa na joto kidogo jioni, nami nilimpa dawa ya kushusha homa, nikamlaza. Kisha nikakaa sebuleni, nikavaa visikizi vyote viwili, nikaanza kutazama mchezo wangu. Nilifurahi kwamba hakuna aliyeamshwa.

Sikujua ni muda gani ulipita. Nilishtushwa na mkono begani. Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshikilia ukuta, kwa sababu magoti yake humsumbua na kuinuka kitandani kwamchukua muda. Mtoto alikuwa amepatwa na degedege. Bibi yake alikuwa ameniita kwa jina langu, akaniita mara ya pili na ya tatu, mtoto mkubwa naye akalia kwa kuogopa. Mimi nilikuwa nikimsikiliza mwigizaji akilia kwenye kioo.

Tulimbeba mpaka zahanati ya kambi. Alipimwa, akaonekana ana malaria, akatibiwa, na leo anakimbia huku na huku namshukuru Mungu. Tuliporudi alfajiri mama mkwe hakunigombeza. Aliniuliza neno moja tu: "Mwanangu, ulikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Kutoka kiti changu mpaka kitanda cha mtoto ni hatua nne.

SHERIA ZA NYUMBA YETU

Tangu siku hiyo, mimi na baba watoto tuliandika sheria chache, tukazibandika ukutani kando ya televisheni. Nazitoa hapa, na kila nyumba yaweza kuzipunguza au kuziongeza.

Ya kwanza na iliyo kubwa: kambi haiachwi bila mlinzi, na nyumba isiachwe bila sikio lililo wazi. Usiku, mtu mzima aliye peke yake na watoto huvaa kisikizi kimoja tu, na sikio la pili huwa la nyumba. Wakiwapo watu wazima wawili, mmoja anaweza kuvaa vyote baada ya kumwambia mwenzake, naye mwenzake akakubali kwamba zamu ni yake. Nyumbani mtoto akiwa mgonjwa, visikizi hubaki kikashani, hata kama mchezo wa siku hiyo ndio wa mwisho.

Ya pili: askari aliye katika hali ya kuitwa wakati wowote asizibe masikio yote mawili. Simu yake iwe mbele yake, kioo kikiwa juu. King'ora cha kambi hakisubiri tangazo la biashara.

Ya tatu: mtoto havai visikizi zaidi ya saa moja kwa siku, na sauti huwekwa na mzazi. Havivai kitandani.

Ya nne: taarifa ya habari ya jioni husikilizwa kwa spika, na wote. Tuliona kwamba tulipoanza kutumia visikizi kila mmoja alijifungia katika kipindi chake, hata ikawa baba anacheka peke yake na watoto wanamtazama wasijue anachekea nini. Utulivu wa nyumba ni mzuri, lakini nyumba isiyosikia kitu chochote pamoja ni bweni.

Basi, mama uliyeniandikia, jibu langu ni hilo. Masikio yanaweza kuzuiwa, tena kwa gharama isiyo kubwa, na mume wako akalala, na mwanao akasoma. Mchana baba akiwa amelala nawe uko macho, watoto watazame bila sauti au kwa zamu ya visikizi chini ya macho yako. Usiku, tazama mchezo wako kwa raha, umeustahili baada ya kazi za kutwa. Lakini weka sikio moja kwa ajili ya pazia.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutarudi jikoni na habari ya kukausha mboga za majani wakati wa mavuno ili zitufae wakati wa ukame. Wenye maswali waendelee kuandika. Kwaherini.